Ukuta wa hoteli unalinda, lakini unamla jirani

Ndugu, unauliza kwa nini ufukwe wenu unamegeka tangu hoteli ya jirani ijenge ukuta wa mawe kuingia baharini. Mchanga wa pwani haukai, unasafiri. Wimbi likipiga kwa mshazari huusukuma kufuata ufuo. Huku Dar, kusi huupeleka zaidi kaskazini. Ukuta unaunasa upande unakotokea. Wa upande wa pili hapokei kitu, ila bahari inaendelea kumchotea kama kawaida.

Westhampton, kwenye kisiwa chembamba cha New York, Marekani, walijenga kuta 15 za namna hiyo kati ya 1965 na 1970, wakaishia njiani. Nyuma ya kuta mchanga ukajaa vizuri tu. Magharibi yake, zilipoishia, ufukwe ukaliwa mpaka dhoruba ya Desemba 1992 ikakipasua kisiwa na nyumba zikaenda. Wenye nyumba walishtaki, na mwaka 1994 serikali ikakubali kuwajazia mchanga kwa miaka 30.

Kwa hiyo usikimbilie kujenga wa kwenu, utamhamishia tatizo anayefuata (naye atajenga, mtaona). Idaini hoteli ijaze mchanga upande wenu, au iufupishe ukuta. Na mchanga wa mtoni usichimbwe, ndio unaoulisha ufukwe.