Jibu: Timu haisikilizani, na kelele zangu hazisaidii

Pole dada. Umesema unaongoza wauzaji wanane, yule hodari anawaacha wenzake nyuma, na kila ukipaza sauti mambo yanazidi kuharibika. Yalinikuta hayo karakanani kwangu. Kilichonifungua macho ni mbwa wanaovuta sleji (kigari kisicho na magurudumu, kinachoteleza) kwenye theluji ya Alaska. Simfananishi mfanyakazi na mnyama, nazungumzia kazi ya kiongozi.

Mwendesha sleji husimama nyuma, hana hatamu. Ana sauti tu: "gee" ni kulia, "haw" ni kushoto. Maneno machache, yaleyale kila siku. Nami niliacha hotuba. Kila asubuhi dakika 10, kila mtu anaondoka akijua kazi yake ya leo na wa kumuuliza akikwama. Anza na hilo, kesho.

Kisha mtazame upya huyo hodari. Mbwa wa mbele huchaguliwa kwa usikivu na kushika njia. Wenye nguvu hufungwa karibu na sleji, kwenye uzito. Pengine anafaa kupewa wateja wakubwa, si kuongoza wenzake.

Sifa nazo zigawe kwa haki. Mwaka 1925, dawa ya dondakoo ilipokimbizwa kwa sleji hadi mji wa Nome, Alaska, mbwa wa mbele aitwaye Togo alipita kipande kirefu na cha hatari zaidi, ila mbwa mwenzake Balto, aliyeifikisha, ndiye aliyejengewa sanamu New York mwaka huohuo. Wako wanaokaa kimya dukani kwako wakiumia hivyohivyo.

Kukiwa na matusi, au ukifikiria kumfukuza mtu, muone kwanza afisa kazi au wakili.