Usibadili Programu, Badili Intigrali Zako

Juzi msomaji kaniandikia: "Mwalimu, nina milinganyo tofautishi ya intigrali za mchoro wa Feynman (picha ya mgongano wa chembe) wa vitanzi viwili. Kompyuta imekesha, jibu hakuna. Nitumie programu gani?"

Swali hilo nami niliwahi kumuuliza mkubwa mmoja. Alinijibu mbele za watu kwamba kazi hii inataka kichwa, si kompyuta. Watu wakacheka. Mpaka leo nikikumbuka naumia, na kinachoniudhi zaidi ni kwamba nusu ya jibu lake ilikuwa kweli. Ile nusu nyingine ilikuwa majivuno tu.

Habari za kupunguza intigrali kwa njia ya Laporta, yaani kuziandika nyingi kwa kutumia chache, siziongelei. Programu ya Kira au FIRE itakufanyia, nenda kalale. Kazi inaanza ukishapata hizo chache, intigrali kuu. Tangu Kotikov mwaka 1991 tunajua kwamba ukizitafutia derivatifu unarudi kwenye intigrali zilezile, basi mfumo unajifunga. Lakini mfumo kujifunga si kutatulika. Mwaka 2013 Henn alionyesha kwamba ukichagua intigrali kuu vizuri, mara nyingi ε (kiasi kidogo tunachopunguzia vipimo: D = 4 − 2ε) inatoka nje ya matriksi yote ya mfumo, na jibu linapatikana daraja moja la ε baada ya jingine.

Mimi nilikaa na sanduku (mchoro wa pembe nne) la kitanzi kimoja lisilo na masi mpaka likanizoea. Intigrali kuu ni tatu: viputo viwili (vitanzi vya mistari miwili tu) na sanduku lenyewe. Sanduku nikalizidisha kwa ε²st; s na t zinaeleza nishati na pembe ya mgongano. Kila kiputo nikakipa propageta (kipande cha mstari mmoja wa mchoro) moja yenye kipeo cha pili, nikakizidisha kwa ε na kwa s au t yake. Kwa x = t/s, matriksi ikabaki na 1/x na 1/(1+x) tu. Kumbe hata sharti la mpaka lilikuwa humo humo: mchoro huu bapa, usio na mistari inayopishana, hauna haki ya kulipuka pale x = −1, kwa hiyo logarithimu ya 1+x lazima ifutike hapo, na thabiti ya sanduku inajitaja yenyewe. Usiku ule sikulala kwa furaha, na yule mkubwa nilimkumbuka, sikatai.

Sanduku pacha bapa la vitanzi viwili lina intigrali kuu nane, na vigawanyo ni vilevile viwili, x na 1+x. Sasa wewe unayetaka jibu la kuandikwa kwa kalamu, mbona unaiachia mashine ikuchagulie msingi, yaani hizo intigrali kuu? Chagua mwenyewe. Narudia: chagua mwenyewe, kisha pima nukta moja kwa pySecDec, programu ya kukokotoa intigrali kwa namba, kabla hujajisifu.

Ila ukikutana na mchoro wa vitanzi viwili wa "sunrise", wenye propageta tatu tu, zote za masi sawa, usitegemee polilogarithimu, zile jamaa za logarithimu zinazotosha kwenye masanduku ya juu. Humo mna fankisheni za eliptiki, na programu ya AMFlow itakupa namba za kuaminika wakati unatafakari.

Ndugu yangu, ukiniandikia tena niletee matriksi yako, si picha ya kompyuta iliyoganda.