Shubiri Mwitu: Majibu kwa Wasomaji

Nimekuzwa nikiambiwa kwamba uchungu wa shubiri ndio dawa yenyewe. Je, nikila jani zima nitaondokewa na tatizo la choo kigumu?

Uchungu huo umo katika utomvu wa manjano ulio chini ya ganda, wenye kemikali iitwayo aloini, na ni kweli kwamba kwa karne nyingi umetumika kulainisha choo, kwa sababu bakteria wa utumbo mpana huigeuza aloini kuwa kichocheo kinachoufanya utumbo ujikaze na kusukuma, choo kikatoka baada ya saa 6 hadi 12. Shida ni kipimo. Majani mawili ya porini yanaweza kutofautiana sana kwa aloini, na ulimi hauwezi kuipima. Anayezidisha huumwa na msokoto wa tumbo na kuharisha hadi kupoteza maji na potasiamu (madini ya mwili), na potasiamu ikipungua mapigo ya moyo huvurugika, hasa kwa mgonjwa anayetumia digoksini (dawa ya moyo) au dawa za kuongeza mkojo. Marekani iliiondoa shubiri mwaka 2002 miongoni mwa dawa za choo zinazouzwa bila cheti cha daktari, kwa kukosa uthibitisho wa usalama wake. Nakusihi usile jani zima.

Na kupaka kwenye ngozi iliyoungua?

Kinachofaa ni ute angavu wa katikati, tena kwa jeraha dogo lisilo na kina. Poza kwanza kwa maji safi yanayotiririka kwa dakika 20. Lisimamishe jani lililokatwa ili utomvu uchuruzike, kisha limenye na kuuosha ute.

Mama mkwe amenishauri nipake shubiri kwenye chuchu ili nimwachishe mtoto ziwa. Kuna ubaya?

Upo, kwa kuwa mtoto humeza utomvu uleule unaoharisha watu wazima, na mwili wake mdogo hukaukiwa maji haraka. Mpunguzie kunyonya kidogo kidogo. Mjamzito naye asiinywe kabisa.

Nitaitambuaje iliyo salama porini?

Kwa macho tu, ni vigumu mno. Kuna zaidi ya aina 500 za mishubiri, na chache kati yake, mfano Aloe ruspoliana, zina sumu inayofanana na ya hemloki (mmea wenye sumu kali), ambayo hulegeza misuli hadi ile ya kupumulia. Aliyekula akaanza kuishiwa nguvu miguuni apelekwe hospitali mara moja, pamoja na kipande cha jani alilokula.