Ukulele ya babu isiyo na namba
Ndugu, ukulele (gitaa dogo la nyuzi nne) ya kampuni ya Martin ya Marekani uliyorithi kwa babu isikutie shaka kwa kukosa namba ya utambulisho, kwani nyingi za kampuni hiyo, iliyoanza kuziuza mwaka 1916, hazikupigwa namba. Tazama kichwa chake: ikiwa jina limegongwa mhuri nyuma tu, bila kibandiko mbele, na vigingi vya kukazia nyuzi ni vya mbao, huenda ilitengenezwa kabla ya miaka ya 1930. Nakusihi usiifunge nyuzi za chuma, maana mvuto wake hung'oa kidaraja (kipande kinachoshikilia nyuzi kwenye mwili wa ukulele), wala usiipake vanishi mpya. Ukavu wa Januari na Februari hapa Nairobi hupasua mbao nyembamba, hivyo ihifadhi kashani pamoja na sifongo yenye unyevu kidogo, iliyotiwa ndani ya kijikasha cha sabuni kilichotobolewa.