Barua kwa mwanangu: kuhusu mkataba wa Ujerumani

Mwanangu mpenzi,

Barua yako imenifikia salama, na baada ya kuisoma peke yangu nilimsomea baba yako. Umeuliza kama utie saini mkataba wa msimu mmoja na ile klabu ya daraja la pili huko Ujerumani, inayokuahidi nyumba na gari, au uweke gongo chini urudi kwetu Hamilton, Kanada, ufundishe vijana hoki ya barafuni. Nimeliwaza swali hilo juma zima, na kila nikilishika naona kwamba linalokuumiza hasa umeliweka mwishoni, pale ulipoandika kwamba miaka yote hii umehangaika tu kutoka timu hadi timu. Hilo ndilo ninalotaka kulijibu.

Hukuhangaika. Nilikuambia ulipohamishwa mara ya kwanza, na sitachoka kukuambia: hakuna mchezaji anayehamishwa ila kuna upande wa pili unaomhitaji. Mfikirie Mike Sillinger, yule mchezaji wa hoki wa Kanada ambaye baba yako humtaja kila unapofungasha. Timu ya Detroit ilimteua mwaka 1989, timu zilipogawana vijana wapya kwa zamu, akiwa wa 11 miongoni mwa vijana wote wa mwaka ule, na bila shaka wazee wake kule Regina walidhani kijana wao amepata kwake. Aliishia kuvaa jezi za timu 12 za NHL, ligi kuu ya hoki ya Amerika Kaskazini, na mara 9 alibadilishwa kwa wachezaji wengine au kwa haki za kuteua vijana. Detroit ilimwachia mwaka 1995, kisha ikatwaa Kombe la Stanley, kombe la bingwa wa NHL, mwaka 1997 na tena 1998, naye alistaafu bila kulipata. Anayetaka kuyasikitikia maisha hayo ana sababu. Lakini mtu huyo alicheza mechi 1,049, na msimu wake wa mabao mengi kuliko yote, mabao 32, ulikuwa ule wa 2005–06, akiwa na miaka 34, msimu ambao St. Louis ilimhamishia Nashville kabla haujaisha. Walimtaka kwa sababu alijua kukinyakua kile kisahani tunachochezea badala ya mpira, kinapodondoshwa kati ya wachezaji wawili, na alijua kuzuia timu inapobaki pungufu kwa adhabu. Kazi hizo hazipigiwi makofi, lakini kila kocha huzitafuta.

Najua utasema kwamba Sillinger alikuwa NHL na wewe hukuitwa huko hata kwa mechi moja. Ni kweli, wala sitaipaka rangi. Tena nikikuambia kwamba upande wa pili daima ulikuhitaji, nafsi yangu yenyewe hunirudisha kwenye ile siku ya Ohio.

Unaikumbuka kwa upande wako, maana ulikuwa barabarani kuelekea South Carolina tangu alfajiri. Kwa upande wetu, mimi na dada yako tulivuka mpaka pale Buffalo usiku, tukiwa na mahamri na mbaazi za nazi ulizotamani, na tukafika uwanjani mapema ili tukuone ukipasha mwili moto. Mtunza vifaa alitukuta mlango wa nyuma, akatazama chini, akatuambia kwamba umehamishwa. Utepe wenye jina lako ulikuwa umekwisha banduliwa juu ya kiti chako. Nilimuuliza nani amekuja badala yako. Akasema hakuna; timu imepokea ahadi tu kwamba itapewa kitu fulani siku za mbele. Hakikutajwa wakati ule, na mpaka leo sijui kilikuwa nini. Mwanangu, nimekuzaa na kukulea, nimekuamsha saa kumi za alfajiri kwenda mazoezini huku madirisha ya gari yakiwa yameganda, na mtu mzima akanieleza kwamba umetolewa kwa kitu ambacho hata jina hakina. Ninapoandika haya mkono bado ni mzito.

Lakini siku ileile niliwapa wenzako yale mahamri, wakayala wamesimama, na golikipa wenu akatoka na vifaa vyake vyote mwilini kuja kunisalimu. Aliniambia kwamba ulipokuwa uwanjani, upande wa kushoto hakuwa na haja ya kuutazama mara mbili. Dada yako alilia. Mimi sikulia, kwa sababu nilifurahi mno kulisikia neno hilo kutoka kwa mtu aliyesimama nyuma yako usiku kwa usiku.

Kwa nini basi walikuachia? Ulinieleza mwenyewe baadaye: katika ECHL, ile ligi ya ngazi ya chini ya NHL uliyokuwa ukiichezea, timu hairuhusiwi kuchezesha zaidi ya wakongwe 4, yaani waliokwisha kucheza mechi 260 za kulipwa, makipa wakiwekwa kando. Ulikuwa umevuka hesabu hiyo, nao walikuwa na wengine. Uzoefu ulioutafuta kwa miaka ndio uliokutoa. Hapo imani yangu hutikisika, kwa sababu siku ile sheria ilikusukuma kabla hajaonekana wa kukuvuta. Kisha nakumbuka kwamba kesho yake kocha mpya alikuingiza adhabu ya kwanza ilipotolewa, kabla hujayajua majina ya wenzako, nami narudi palepale: kuna upande wa pili uliokuhitaji.

Tazama pia alivyoishi Willie O'Ree. Watu huadhimisha Januari 18, 1958, siku alipoingia uwanjani akiichezea Boston akawa mchezaji wa kwanza mweusi katika NHL, na Boston iliistaafisha jezi yake namba 22 mwaka 2022. Wachache hukumbuka kwamba mechi zake zote za NHL ni 45 tu, na kwamba alikwisha kupoteza uwezo wa kuona kwa jicho la kulia hata kabla ya hizo. Miaka yake mingi alicheza Los Angeles na San Diego, katika ligi ambayo jina lake wengi wamelisahau, na mchezo aliuacha mwaka 1979 akiwa na miaka 43. Sidhani kwamba mechi 45 zilikuwa kazi yake na hiyo mingine ikawa kusubiri.

Sasa, mkataba. Baba yako ameniagiza niandike kwamba uende. Mimi ninalo jawabu langu, na nimelizuia kwa shida tangu mwanzo wa barua hii, kwa sababu linategemea nyonga yako. Sillinger alisimamishwa na nyonga, akastaafu mwaka 2009 baada ya upasuaji, na hukuniandikia lolote kuhusu yako tangu Januari. Tafuta daktari asiyelipwa na klabu yoyote, aipige picha kabla hujatia saini, na unitumie majibu yake kama yalivyo. Nikishayasoma, niulize tena, na safari hiyo nitakujibu.

Mama yako