Wahenga Wepi Hao? Niliyojifunza Nikichora Kadi na Kanga kwa Akili Mnemba

Kadi mia tatu zilikuwa zimeshagawiwa simu ilipoita. Alikuwa mjomba wa bwana harusi, mzee wa Pangani aliyevua samaki tangu ujana wake. Hakugomba. Aliuliza tu, "Kijana, hao wahenga uliowaandika kwenye kadi ni wa wapi?" Juu ya kadi, kwa hati ya dhahabu, nilikuwa nimeweka: Wahenga walisema, ndoa ni mtumbwi, mapenzi ndiyo kasia. "Maana mimi nimekulia mtumbwini," akaendelea, "na sisi mtumbwi tunaupiga kafi. Kasia ni la mashua."

Nilikosa la kujibu, kwa sababu wahenga wenyewe walikuwa ndani ya simu yangu. Kamati ya harusi ilikuwa ikinisukuma, usiku umekwenda, nikaiomba akili mnemba methali za ndoa. Ikanipa kumi, nikachagua iliyonipendeza, nikalala. Methali ile haikuwahi kuwapo.

Kazi yangu ni kuchora: kadi za mchango na za mwaliko, mabango ya maduka, tisheti za vikundi na, akitokea mteja mwenye uwezo, kanga. Zana hizi za akili mnemba nilianza kuzichezea mwanzoni mwa 2023, miezi michache baada ya ChatGPT, programu inayokuandikia unachoiomba, kutolewa Novemba 30, 2022. Wapo wanaoziita akili unde, wapo wanaosema akili bandia. Jina lolote litafaa. Kilichonigharimu ni kuzitumia mwaka mzima bila kujua zinafanya nini hasa.

Zana ya maandishi imelishwa maandishi mengi mno, ikajifunza neno gani huelekea kufuata lipi. Ukiandika "Haraka haraka", itamalizia "haina baraka", kwa sababu imekutana na maneno hayo yakiandamana mara nyingi. Sasa iombe jambo ambalo haikukutana nalo vya kutosha: hainyamazi. Inaendelea kupanga maneno yenye sura ya methali, na sura ikishatimia, kwake kazi imekwisha. Kwa hiyo haina haya usoni inapokosea, inakosea kwa sauti ileile inayopatia. Tusiopona si wachora kadi peke yetu. Juni 2023 mahakama moja ya New York iliwatoza mawakili faini ya dola 5,000 kwa kuwasilisha hukumu za kesi zilizotungwa na mashine hiyohiyo.

Kiswahili kina tatizo lake la ziada. Maandishi yetu kwenye intaneti ni machache sana yakilinganishwa na ya Kiingereza. Tena mashine haisomi neno zima, hulikata vipande kwanza, na visu vyake vimenolewa kwa lugha nyingine. Sisi tunalikata "hawatapendana" penye viungo vyake: ha, wa, ta, pend, an, a. Yenyewe yaweza kulikata popote, kama mtu anayechinja kuku asiyejua maungio yalipo. Ndiyo maana mara nyingine sentensi inatoka na sarufi safi lakini haina mtu ndani yake. Utaitambua: inapenda "katika ulimwengu wa leo", inapenda "si tu bali pia", na haiwezi kumaliza bila kukushauri ushirikiane na jamii.

Zana za picha zina mtindo mwingine. Wazee wenzangu wanazikumbuka chenga za televisheni pale stesheni ilipopotea. Programu hizi zilizotufikia wengi mwaka 2022, kama Stable Diffusion na Midjourney, zilifunzwa kwa picha zilizomwagiwa chenga mpaka zikafutika, kisha zikajifunza kurudi nyuma. Unapoiomba picha, inaanza na chenga tupu na kuziondoa kidogo kidogo kuelekea maneno yako. Ukilijua hilo hushangai tena kwa nini bango lilikuja na "KARIUBNI SNA". Kwake herufi zilikuwa umbo tu, kama majani ya mti. Zana za siku hizi zimeboreka katika hilo, ila mimi bado siiachii maandishi. Picha naichukua tupu, herufi naziweka kwa mkono wangu.

Basi naitumiaje sasa?

Jambo lililobadili kazi yangu ni dogo, na nililigundua kwa hasira. Nikipata kazi ya maneno naiomba mashine mistari ishirini, halafu ile ishirini naipiga marufuku. Mashine inatoa kilicho cha kawaida kuliko vyote. Kama imenipa mimi "upendo wa kweli hushinda yote", imempa na jirani yangu wa mtaa wa pili, na wateja wetu watakutana ukumbi mmoja wamebeba kadi mapacha. Ile orodha inanionyesha njia zilizokwisha kukanyagwa, nami nakata kichaka upande mwingine. Hakuna rafiki ambaye angekubali kunitungia mistari ishirini mibovu saa sita usiku bila kununa.

La pili ni kuilisha mambo ya pale pale. Ukisema "niandikie tangazo la mgahawa" utapata ladha isiyosahaulika na mandhari ya kuvutia. Mimi nilipewa kazi na mama anayeuza supu ya pweza jioni. Nikaieleza hivi: wateja wake ni vijana wanaotoka kazini saa kumi na mbili, hawana muda wa kukaa, wanakunywa wamesimama, supu ikiisha haongezi maji, andika sentensi nne fupi, usitumie neno ladha, usimkaribishe mtu. Kilichorudi kilikuwa nusu ya kazi. Nusu ya pili ilitoka kwa huyo mama mwenyewe, maana "ikiisha siongezi maji" ni kauli yake, na ndiyo iliyobaki kwenye bango. Ukiangalia vizuri, maelekezo mazuri yanakulazimisha umhoji mteja kuliko ulivyozoea, na mara nyingi ukishamaliza kumhoji, jibu unalo.

Kisha nasoma kwa sauti. Sentensi ambayo ulimi wangu unaikataa naifuta, hata kama haina kosa.

Kwenye picha, nafuu kubwa niliyoipata iko kwenye mazungumzo. Wateja wengi hawajui wanachotaka, lakini wasichokitaka wanakijua wakikiona. Zamani nilichora rasimu tatu kwa siku mbili ili niambiwe "hapana, siyo hivi". Sasa namtumia picha nne kwa WhatsApp, ananyooshea moja kidole, nami naanza kuchora upya. Nasema upya kwa sababu picha ile haifai kwenda kiwandani. Kanga ina pindo pande zote nne, ina mji katikati na ina jina, yaani yale maneno ya fumbo, chini ya mji. Mashine inakuletea pindo ambalo pembe zake hazikutani, korosho za upande huu zimegeuka maembe upande wa pili. Na rangi! Kitambaa kikichapwa kwa skrini, yaani wavu wa kupitishia rangi, kila rangi ina skrini yake, kwa hiyo unahesabu rangi tatu, nne. Picha ya mashine ina maelfu ya rangi zinazoyeyukiana. Aliyewahi kupeleka faili ya namna hiyo kwa mchapaji anajua matusi yake.

Kuhusu haki, nitasema machache. Februari 2023 Ofisi ya Hakimiliki ya Marekani iliamua kwamba kwenye kitabu kimoja cha katuni, mwandishi analindwa kwa maneno yake na jinsi alivyopanga kurasa, si kwa picha zilizotolewa na Midjourney. Uamuzi wa Marekani si sheria yetu, lakini mteja akitaka nembo ya biashara yake mimi nachora kwa mkono mwanzo hadi mwisho, na rasimu zangu nazihifadhi. Wala siandiki "kwa mtindo wa" nikitaja mchoraji aliye hai. Ningeudhika mno nikifanyiwa mimi.

Na tafadhali, orodha za kamati usizitupe humo. Nimeshatumiwa jedwali la majina, namba za simu na michango ya watu ili "mashine ipange vizuri". Nani kaahidi laki na katoa elfu ishirini, hiyo ni siri ya watu. Tanzania tuna Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi tangu 2022, na hata isingekuwapo, umbea wa harusi mnaujua.

Nirudi kwenye kanga, kwa sababu hapo ndipo niliona mpaka wa mashine waziwazi. Mama mmoja alikuja akitaka doti zake mwenyewe za kuvaa kwenye shughuli. Nikamwamkia, akaitikia, akakaa. "Mwanangu, nataka jina," akasema, "na atakayelisoma yupo, atakuwa amekaa mbele yangu." Hakunitajia ni nani. Nikaandika maelekezo palepale, kwa ufundi wangu wote: mke, mume anayechelewa kurudi, mwanamke wa pili, fumbo, maneno yasizidi matano. Mashine ikaleta "Heshima ni msingi wa ndoa". Nikaibana zaidi, ikaleta "Mazungumzo huleta suluhu", na chini yake ikapendekeza wanandoa wamwone mshauri.

Nikamsomea. Alicheka mpaka ushungi ukamteleza. Akautengeneza, akavuta karatasi yangu, akachukua kalamu, akaandika bila kufuta hata herufi moja:

UMEAZIMA UNGO, PEPETA URUDISHE.

Nikamuuliza rangi gani ya pindo.