Sebule kwanza, programu baadaye: maswali yenu ya sauti

Shikamoo fundi. Nimehamia nyumba mpya Uyole: chini marumaru, juu jipsamu, madirisha makubwa ya alumini. Redio ileile sasa ni kelele tupu, maneno ya waimbaji siyasikii. Nikinunua amplifaya inayojipima na kujirekebisha kufuata chumba, itasaidia?

Marahaba. Usinunue kwanza. Simama katikati ya sebule upige kofi moja la nguvu. Ukisikia mlio unabaki hewani, adui wako ni kuta na sakafu. Programu iliyomo kwenye amplifaya hiyo hupunguza au kuongeza masafa, yaani sauti nene za besi au nyembamba za juu, kabla sauti haijatoka kwenye spika. Ikishatoka, haiwezi kuishika tena. Mwangwi humezwa na vitu laini na vinene. Mwanafizikia Wallace Sabine wa Chuo Kikuu cha Harvard, Marekani, alianza kulipima jambo hili mwaka 1895 kwa kupanga mito ya viti ukumbini: kila alipoongeza mito, mwangwi ulifupika. Tandika kapeti nene, weka mapazia mazito yenye mikunjo. Na kwa baridi yetu hii, nani hana blanketi zito? Ning'iniza mawili kwa majaribio, yawe sentimita 10 kutoka ukutani, usikilize kabla hujatoa hela.

Nipo Kihesa. Nikikaa kwenye kochi besi inavuma mpaka inakera; nikisimama katikati ya chumba inapotea. Sabufa imekufa?

Sabufa ni nzima. Tuseme sebule yako ina urefu wa mita 4. Sauti husafiri karibu mita 343 kwa sekunde, hivyo nusu ya wimbi la hezi 43 (mitetemo 43 kwa sekunde, besi nene) inaenea sawasawa toka ukuta hadi ukuta. Linagonga, linarudi, linajijenga: kando ya kuta linavimba, katikati linajiua. Bila shaka kochi lako limebanwa ukutani, ndivyo tulivyozoea. Livute mbele nusu mita au zaidi, na sabufa uitoe kwenye kona.

Hapo ndipo programu inapostahili sifa, nami naisifu kwa moyo wote. Wimbi hilo lina urefu wa mita 8, blanketi haliligusi. Programu hukipunguza vizuri sana kilele cha besi kinachobaki. Room EQ Wizard ni ya bure, tafuta tu maikrofoni ya kupimia. Lakini usijaribu kujaza mahali besi ilipopotea! Kuongeza desibeli 10 kunadai nguvu mara 10 kutoka kwa amplifaya, na wimbi linalorudi nalo linapanda vilevile, linaliua lile la kwanza kama mwanzo. Utaunguza spika bure.

Nikiwasha marekebisho muziki unakuwa mkavu. Kwa nini? (Njombe)

Umeiachia programu masafa yote. Iwekee mpaka kwenye hezi 300 hivi, juu ya hapo spika nzuri iachwe iimbe yenyewe.

Trei za mayai ukutani? (Mafinga)

Hapana. Ni nyepesi, besi inapita, na zinashika moto upesi. Mbao mnazo: tengeneza fremu nene, ijaze pamba ya madini (rockwool), funika kwa kitambaa kinachopitisha hewa.

Mvua ya Tukuyu ikipiga mabati sisikii chochote. Kuna programu?

Hakuna. Piga dari nzito, uzibe mianya yote.